Mkaguzi Aliyelikataa Gari la Mdogo Wake

Mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ulipotoka nyumbani umevaa koti la mvua la mume wako, mikono yake ikikupita vidole, ukatuambia tusile mpaka urudi. Tulingoja. Hadi leo wapo wanaosema ni mvua iliyokuchukua, na wanalisema hilo kwa upole, huku wakitushika mabega. Ndiyo maana tumeamua kuzungumza nawe hadharani, kwa tangazo hili, mpendwa wetu. Wewe hukuwa mtu wa kunong'ona.

Wasiokujua na wajue. Ulikuwa mkaguzi wa magari. Siku za kazi ulikuwa yadi, ukikagua malori na magari ya abiria, na siku za mashindano ulikuwa kwenye banda la ukaguzi, ukiamua gari lipi liingie barabarani na lipi lirudi kwao. Madereva wa malori walikubandika jina la Hapana, nasi nyumbani tukalizoea. Ulikuwa unalizunguka gari mara moja, unainama, unapitisha kidole nyuma ya tairi, unakinusa, kisha unalitamka neno hilo huku ukitabasamu kama anayemkaribisha mtu kiti.

Lakini hukuwa mtu wa kukataa na kuondoka. Yule mama mwenye gari la mikate bado anasimulia jinsi ulivyolala kwenye tope chini ya gari lake, ukamfungia nati zilizolegea kwa mikono yako mwenyewe huku ukiimba vibaya, ukatoka umechafuka hadi masikioni, kisha ukalikataa tena kwa sababu ya taa ya nyuma. "Nilitaka kumchapa na nilitaka kumkumbatia," anasema. Sisi pia, mara nyingi.

Hata nyumbani hukupumzika. Mgeni alikuwa hakai mpaka umetikisa kiti chake.

"Mke wangu, huyo ni mgeni, si lori," mume wako alikuwa akikuambia.

"Ndiyo maana. Lori likianguka halitatusema."

Na tumtaje mdogo wako, kitindamimba wa mama, maana bila yeye hadithi yako haisimuliki. Mama alipokuwa akishinda kwenye kazi ya kufulia watu, wewe ndiye uliyembeba mgongoni, ukamlisha, ukampeleka shule ukiwa na daftari zako na zake. Wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha gari, kwenye kiwanja kitupu nyuma ya maghala, ukimkalisha juu ya mto ili aone mbele. Ulimfundisha breki kabla ya kumwonyesha mafuta. Alipokuwa dereva wa mashindano na watu wakaanza kumwita Moshi, ulisimama kila mara kwenye uzio kati ya mashabiki wanaopiga kelele, na wewe peke yako ulikuwa hupigi. Midomo yako ilikuwa ikicheza tu. Mume wako aliwahi kukusogelea asikie unasema nini. Ulikuwa unasema, "Shika breki, shika breki, shika breki."

Siku ile mvua ilianza alfajiri na haikukata. Mume wako alifunga kibanda chake cha kinyozi mapema akakuletea chakula bandani. Alikukuta umepiga magoti mbele ya gari la Moshi, maji yakitiririka kutoka kwenye bati hadi shingoni mwako, nawe huna habari. Foleni ya magari ilikuwa ndefu na watu walianza kunung'unika.

Waipa ya upande wa dereva ilikuwa inapanda nusu ya kioo na kukwama hapo, ikitetemeka. Tairi zilikuwa zile laini za siku ya jua, zisizo na mifereji ya kutolea maji. Hayo bado ulikuwa unayatafutia dawa. Kisha ukaingia ndani, ukakanyaga breki, na mume wako aliona uso wako ukibadilika. Ulikanyaga tena. Mguu ulishuka mpaka chini kama umekanyaga uji.

"Hapana," ulisema. Safari hii hukutabasamu.

"Dada, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Ningekufanyia wapi? Kazi yangu iko mbele za watu."

"Waipa nitaifunga kwa waya."

"Na breki utaifunga kwa nini?"

"Inakuja ukiipampu. Mara mbili, tatu, inakuja. Nimeizoea."

"Na kona ya chini, kule maji yanakokatiza barabara, utaiomba ikusubiri upampu?"

Mdogo wako aliangalia pembeni. Kisha akasema neno ambalo mume wako ametusimulia mara moja tu, na hajalirudia: "Wewe unaona wivu. Umekaa chini ya magari ya watu maisha yako yote."

Ulijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ukaita gari linalofuata.

Yeye hakuita gari. Alimwita mwenyekiti wa chama cha mashindano. Mwenyekiti alikuja na viatu vyeupe, ameshikiwa mwavuli, akakuita "mama yangu" ingawa anakupita umri.

"Mama yangu, wale watu wote wamelowa kwa ajili ya huyu kijana. Tusiwaharibie siku."

"Siku imeshaharibika. Angalia nje."

"Gari likiwa bovu atalipaki mwenyewe. Huyu ni mtu mzima."

"Gari bovu halipakiki, mwenyekiti. Ndiyo maana ya bovu."

Watu wawili watatu walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, kwa sababu hakuwa na wasiwasi wowote. Alinyoosha mkono mezani, akachukua stika moja ya ukaguzi, akaibandua karatasi yake taratibu, akaibandika kwenye kioo cha gari la Moshi, akaipigapiga kwa kiganja ishike vizuri. "Imepita," alisema. Banda zima liliona. Mafundi, madereva, wasaidizi wako. Kila mmoja ghafla akapata cha kutazama kwenye viatu vyake.

Mume wako alikuambia mrudi nyumbani. Alikuvuta kabisa mkono. Ulimwambia, "Nitakwenda nyumbani yeye akishamaliza." Kisha ukachukua bendera ya njano ya akiba, ukaondoka ukitembea kwenye tope kuelekea kona ya chini. Ulitaka kumpungia kutoka mbali ili aanze kupampu mapema. Hilo tu. Ulikuwa umeshakataliwa, umetukanwa, umefanywa kichekesho, na bado ulikuwa unamtafutia njia.

Mume wako aliyaangalia mashindano kutoka jukwaani akiwa na chakula chako mapajani. Magari yalikuwa hayaonekani, yanaonekana maji tu yanayokimbia. Kila Moshi alipopita kona ya chini, lile koti kubwa lilikuwa likiruka na bendera ikicheza, na gari likipunguza mwendo, likipita. Mzunguko baada ya mzunguko. Mume wako alianza kuamini kwamba siku itaisha. Alifungua hata kifuniko cha chakula, akaonja.

Kisha Moshi akawa wa pili, na mbele yake kuna gari moja, na watu wakasimama wakiimba jina lake. Safari hiyo hakupunguza. Labda hakukuona, kwa kioo kile. Labda alikuona. Alipofika kwenye maji alikanyaga, na kilichokuwa chini ya mguu wake unakijua wewe kuliko sisi. Washika bendera wawili uliosimama nao waliruka ukuta. Wewe ulibaki unapunga. Wenzako wanasema ulikuwa na muda wa kuruka. Sisi tunasema mtu uliyekuwa unampungia ulimlea.

Gari lilikita kwenye ukuta. Moshi alitoka mzima, akavua kofia, na jukwaa lote likalipuka kwa makofi. Walikuwa hawajakuona. Mume wako alikuwa amekuona, na ilimbidi apite katikati ya watu wanaoshangilia, akiwasukuma, nao wakimwambia atulie, kijana yuko salama.

Ulikufa kabla gari la wagonjwa halijatoka getini. Mume wako alikuwa amekushika miguu, maana hapo ndipo walipomwachia nafasi. Wakiwa bado njiani alisikia injini zikiwashwa upya nyuma yao. Barabara ilikuwa imefagiliwa, na mashindano yanaendelea.

Kamati ilikaa baadaye, kwenye chumba chenye viti vya plastiki na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Tulikwenda wote. Tulidhani ni jambo la asubuhi moja, kijana atasema kilichotokea na ukweli utakaa mahali pake.

"Gari lako lilipita ukaguzi?" walimuuliza mdogo wako.

"Lilikuwa na stika."

"Stika ya mkaguzi?"

"Stika ni stika."

Mama alisimama. Alikuwa hajawahi kuzungumza kwenye mkutano maisha yake yote. "Mwanangu," alisema, "nani aliibandika?"

"Mama, tafadhali kaa, utapewa nafasi," alisema mwenyekiti, ambaye naye alikuwa mjumbe wa kamati hiyohiyo. Mama alikaa. Hakupewa. Mume wako alisema alichokiona, neno kwa neno, nao wakamsikiliza kwa huruma kubwa na kumwambia kwamba wanaelewa uchungu wake. Wale wa bandani hawakukumbuka kitu. Uamuzi ulisomwa: chanzo cha ajali ni hali ya hewa, na marehemu alikuwa amesimama mahali pasipo pake. Hivyo ndivyo walivyokuandika, wewe uliyemkalisha kila mtu mahali salama.

Mdogo wako alipita mbele yetu mlangoni. Mama alimwangalia. Yeye aliangalia simu.

Tunataka ulisikie na hili, kwa sababu ungelicheka. Miezi michache iliyopita mwenyekiti aliingia kwenye kibanda cha kinyozi cha mume wako. Sijui alipotea, sijui alitumwa na dhamiri, sijui kwingine kulikuwa na foleni. Alikaa, akaegemea nyuma, akainua kidevu. Mume wako alimfunga kitambaa, akampaka povu, akanoa wembe. Redio ilizimwa.

"Tunataka kumuenzi mkeo," mwenyekiti alisema macho yamefumbwa, wembe ukiwa kooni. "Mwaka ukitimia tutafanya mashindano siku ileile, njia ileile. Tumeagiza na kikombe. Tunatafuta jina zuri la kukipa."

"Hapana," alisema mume wako.

Mwenyekiti alifumbua macho, akafurahi. "Hilohilo! Kombe la Hapana. Hata mimi nililifikiria."

Mume wako alisimama na wembe ule kwa muda ambao wateja wanasema ulikuwa mrefu. Kisha akamnyoa mpaka mwisho, safi, bila kumkwaruza, akampaka dawa, akamfungulia mlango. Usiku hakulala, na alipoulizwa analilia nini, alisema analilia mkono wake usiotetemeka.

Wamelichapisha jina lako kwenye mabango. Kona ya chini haijachimbiwa mfereji. Maji yanakatiza palepale. Na mdogo wako yumo, na gari jipya, na picha yako ameibandika mlangoni mwa gari hilo.

Wiki iliyopita alikuja kwa mama. Alipiga magoti mlangoni, akaomba tangazo hili likitoka jina lake liwe kati ya wanaokukumbuka. Alilia, na hatutamsingizia, alilia kweli. Mama alimwachia amalize, akampa kitambaa.

"Nenda kaseme nani aliibandika," mama alimwambia. "Ukitoka huko pitia hapa, nitakuandika wa kwanza, juu yangu mimi."

"Mama, nikisema hivyo hawataniruhusu kuendesha tena."

"Ndiyo."

"Ni kitu pekee ninachokijua."

"Alikufundisha nani?"

Alinyanyuka, akajipangusa magoti, akaondoka. Kitambaa alikwenda nacho. Mama alibaki mlangoni mpaka mlio wa gari ulipopotea, kisha akaingia ndani akalala mchana kutwa, akiwa ameugeukia ukuta.

Kwa hiyo wanaokukumbuka ni hawa. Mume wako, ambaye bado anapika chakula cha watu watatu. Binti yako, ambaye ameomba nafasi ya kujifunza kazi yadi kwenu, na ambaye anaimba vibaya kukushinda. Shangazi yako fundi cherehani, aliyelipunguza lile koti la mvua mikono baada ya mazishi, likutoshe wewe, na sasa hajui amrudishie nani. Na mama yako.

Mama tunamwogopa kidogo siku hizi. Mashindano ni Jumamosi hii. Wiki nzima anaamka kabla yetu, anatoka nje na khanga yake, anayatazama mawingu kama mtu anayesubiri gari la mgeni. Juzi tulimsikia akiomba. Alikuwa anaomba mvua. Kubwa, alisema, inyeshe tangu alfajiri na isikate. Binti yako alitaka kumfuata amuulize anaiombea nini, ili mashindano yazuiwe, au ili yasizuiwe. Mume wako alimshika mkono akamrudisha ndani.

Pumzika, mpendwa wetu. Umo mioyoni mwetu, na humo hakuna atakayekutoa.