Nyumba Yenye Mapipa Mawili

Jumatatu, 1 Novemba 1982

Asubuhi ng'ambo ya reli, nyumba ya karani wa kiwanda cha pamba. Kuta nzuri, nimegonga kwa vidole, hazina utupu. Mabati yana kutu kidogo. Nikamwacha mwenye nyumba akijisifu sebuleni, nikazunguka jikoni kama kawaida yangu. Mkewe anasugua sufuria. Nikamuuliza kama na yeye anauza. Hakuinua kichwa. Sufuria yenyewe ilikuwa imekwisha kung'aa.

Basi. Nimeiacha. Nyumba ambayo mama wa jikoni hajakubali ina ugomvi ndani yake, na ugomvi humrudia dalali. Karani amenuna, kaniambia napenda umbea. Anune tu. Mji wote unajua Mama Kulwa huuliza jikoni kwanza.

Alhamisi, 4 Novemba

Dereva wa lori kutoka Geita kaleta salamu za Baba Kulwa. Ni mzima. Yeye na wenzake wamepata duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao la dhahabu, na kila mmoja lazima atoe sehemu yake. Kwa hiyo tuuze nyumba. Mimi nitafute mteja, kwani ndimi fundi wa mambo hayo.

Nyumba hii. Yangu ninayokaa.

Nimemshukuru dereva, nimempa maji ya kunywa. Kisha nimekaa. Nina hasira.

Jumapili, 7 Novemba

Hasira imepungua, sasa nafikiri.

Mwezi huu nyumba haziuzwi hapa Shinyanga. Hela ya pamba imekwisha kuliwa, mvua ndiyo kwanza inaanza, watu wananunua mbegu. Anayeuza sasa anauza shida yake, na wateja wanainusa kutoka barabarani. Angengoja Julai, wakulima wakishalipwa. Nimemrudishia maneno hayo kwa dereva yuleyule.

Kingine. Ardhi ni ya serikali, kuta ni udongo, kila mtu ana udongo. Tunachouziana hapa mtaani kwetu Ngokolo hasa ni mabati. Madukani hayapo. Watu wakihama wanayang'oa na kuondoka nayo. Ya vyumba vya mbele aliyanunua Baba Kulwa mwaka ule pamba ilipokubali. Ya nyuma niliyanunua mimi, moja moja, kwa vifuta jasho vya udalali. Matofali tulifyatua pamoja, mimi nikiwa na mimba ya mapacha.

Ijumaa, 12 Novemba

Amekuja mwenyewe. Amekonda, kucha zina udongo mwekundu usiotoka. Kulwa na Doto wamemrukia, nami nimefurahi kumwona, siwezi kudanganya. Habari za Julai hataki kuzisikia. Duara halingoji pamba, anasema. Amesema mteja nitafute mimi. Nimejibu haya.

Hakuniuliza kama nakubali. Aliniuliza kama kuna chumvi.

Jumanne, 16 Novemba

Mteja wa kwanza, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nikamwonyesha ufa wa ukuta wa mashariki kabla hajaona mlango. Nikamweleza mbuga, huu udongo wetu mweusi, unavyovimba masika na kupasuka kiangazi. Yote kweli. Sijawahi kusema kweli kwa bidii namna hiyo. Hakumaliza hata kuzunguka uani.

Baba Kulwa kauliza imekuwaje. Nikasema wateja siku hizi wagumu. Wala sioni aibu.

Alhamisi, 18 Novemba

Mwalimu Nyamizi anataka kuiona. Amehamishiwa hapa kutoka Kagongwa, amepanga chumba kimoja na mama yake mgonjwa na mtoto. Mwezi uliopita nilimtembeza nyumba tatu, hakuna iliyomfaa. Njiani aliniuliza siri ya kazi yangu. Nikamtambia habari za jikoni, akacheka sana.

Mawingu yamejaa upande wa kusini. Nimemwambia aje kesho mchana. Mvua ikimkuta hapa atalijua tope letu.

Ijumaa, 19 Novemba

Mjinga ni mimi.

Ilinyesha kweli. Mwalimu kaja kajifunika kanga, tope hadi kwenye vifundo. Nikangoja alalamike. Akasimama barazani, akainua macho kwenye mfereji wa bati uliozunguka paa lote. Akaufuata kwa macho mpaka kwenye pipa la mbele. Limejaa, linamwagika. Akaenda nyuma. La pili nalo linamwagika.

Akatia mkono kwenye maji, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, maji yote haya ni yenu?"

Tangu ahamie anapanga foleni bombani na ndoo, na bomba lenyewe hukohoa tu. Na mimi ninayejifanya najua watu wa mji huu wananunua nini, nikamleta mtu mwenye kiu siku ya mvua! Ameikubali palepale. Ufa nilimwonyesha, akasema ufa huzibwa.

Baba Kulwa kanisifu. Dalali hodari, anasema.

Jumapili, 21 Novemba

Balozi wa nyumba kumi ameitwa kwa keshokutwa, pamoja na majirani wawili wa kushuhudia.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba Mwalimu nampenda. Angeitunza nyumba. Angekuwa mteja wa mtu mwingine ningempigania. Mume wangu naye si mtu mbaya. Anaamini dhahabu kama wengine wanavyoamini dawa.

Doto ameuliza tutahamia wapi. Nimempa viazi amenye.

Jumanne, 23 Novemba

Wanaume uani kwenye viti, Balozi Masanja katikati. Mimi jikoni, chai ya rangi bila sukari. Nikasikia wanaanza na mipaka.

Mlango ukapata kivuli. Mwalimu Nyamizi, viatu mkononi.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba."

"Wewe uliniambia nyumba huulizwa jikoni. Nimekuja kuuliza. Unauza?"

Hapo ndipo nikaitazama mikono yangu. Nilikuwa nasugua sufuria, na sufuria ilikuwa safi.

Nilitaka kusema ndiyo. Watu wako nje, mume wangu atafedheheka, na Mwalimu ana mgonjwa. Nikasema, "Siuzi."

Uso ulimwanguka, nilimwona. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Haya, mama. Wabeja." Akatoka, akawaambia kwa adabu kwamba mwenye nyumba mmoja bado hajakubali, yeye hawezi kununua kwa nusu ya wenye nyumba. Balozi akamtazama Baba Kulwa, akasema kikao kimefungwa. Chai hawakunywa.

Jumatano, 24 Novemba

Tumegombana. Nimemwaibisha, anasema, mbele ya balozi. Nikasema hukuniuliza. Akasema ningekuuliza ungekataa. Nikasema ndiyo, ningekataa.

Jioni nimemwambia mabati ya mbele ni jasho lake. Ayachukue. Kama yatatosha kwenye duara au hayatatosha, hilo ni lake. Ya nyuma hayaguswi.

Ameinamisha kichwa. Baadaye akasema, "Basi niandalie ngazi."

Jumamosi, 27 Novemba

Ameezua. Mimi chini nimeshika ngazi, wanangu wanaokota misumari, tunainyosha kwa nyundo juu ya jiwe. Aliniomba maji, nikampa. Alivyokuwa juu kule nilimhurumia, na nyumba niliihurumia, mbingu ikionekana chumbani.

Mabati yamenunuliwa na Mwalimu Nyamizi. Nilimpelekea habari mwenyewe. Kuna kibanda kilichoezekwa nyasi karibu na shule yake, kuta imara, niligonga. Mama mwenye kibanda anakwenda kuishi na mwanawe huko Chato, nimemuuliza jikoni kwake, anauza kwa moyo mweupe, na Mwalimu amekinunua. Kifuta jasho sikuchukua.

Jumatatu, 29 Novemba

Baba Kulwa kaondoka na lori la asubuhi. Aliwabeba mapacha mmoja mmoja ingawa wamekua. Mimi akanishika bega.

Vyumba vya mbele vimeezekwa nyasi. Pipa la mbele halina mfereji tena, umekwenda na mabati. Tumelivingirisha, mimi na wanangu, mpaka kwa Mwalimu. Watu njiani wanatucheka. Bati bila pipa ni kelele tu.

Jumapili, 5 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Pipa la nyuma limejaa. La Mwalimu litakuwa limejaa pia, na mama yake hatangoja ndoo ya bombani leo.

Geita, wanasema, mvua ikizidi duara hujaa maji, kazi husimama. Nimelifikiria hilo. Hapa tunaishangilia.

Kulwa ameuliza baba atarudi lini. Nimemwambia sijui, ila chumba chake kipo. Kinavuja kidogo upande wa mlango. Nimeweka sufuria.