Kinanda cha Baba Kimeamka

Scranton, Oktoba 1978

Kaka Ansel,

Hapa hatujambo. Theluji imewahi mwaka huu, na Shangazi Verna bado anaoka pai za tufaha zinazoungua chini.

Kinanda cha kanisani, kile kikubwa cha mabomba alichokuwa akipiga Baba, kimepona. Tuliyatoa mabomba kwenye ghala ulikoyatupa, tukayanyoosha, tukaivika mivukuto inayoyapulizia hewa ngozi mpya. Sauti zake za fidla zimerudi, nyororo kama Baba alivyokuwa akizitoa, na zile za tarumbeta zikilia, benchi linatetemeka chini yako. Fundi alishindwa kujizuia: "Dada Cora, hii ni okestra nzima mmeificha ukutani!"

Nimepata ujumbe wako. Unataka upige wewe siku ya uzinduzi, kwa kuwa una jina huko Chicago. Kaka, Baba alipolazwa hospitali, ni wewe uliyewaambia wazee wa kanisa, "Limekufa hilo dude, ling'oeni tuweke la umeme." Alirudi akakuta ukuta mtupu. Hakupiga tena mpaka tukamzika, na tulimzika kwa muziki wa spika.

Njoo. Nimekuwekea kiti safu ya mbele, usikose hata noti moja. Atakayepiga ni Lorraine, mwanafunzi wa mwisho wa Baba, yule uliyemwita kiziwi mbele za watu. Wakikuuliza kwa nini hupigi wewe, wajibu mwenyewe. Ukinyamaza, nitawajibu mimi, na kipaza sauti nitakuwa nacho.

Dada yako asiyesahau,
Cora