Safari ya Merti Ndani ya Stoo

Isiolo, Jumamosi, kiangazi cha 1984

Vumbi tangu alfajiri, na nimeamka nikimshuku kaka yangu.

Wiki ijayo nina mtihani Nairobi: kurusha ndege peke yangu hadi mji mwingine na kurudi. Aabo, baba yetu, ameweka sharti. Siendi mpaka kaka Yusuf, anayeendesha lori letu la kwenda mji wa Merti, aseme nimefika Merti bila kupotea. Kufika kwa mazoezi, nikiwa nimekaa stoo.

Ndege yangu ni kiti cha lori bovu, ubao wa saa za vipimo nilizochora kwa chaki, dira ya kadibodi na ramani mapajani. Mbele nimeziba kwa katoni nisione nje. Yusuf hukaa nyuma, ananitajia upepo, na nikimuuliza kilichoko chini ananijibu.

Na Yusuf hajawahi kutaka niruke. Msichana akipotea juu huko, husema, atatafutwa na nani? Kikulacho ki nguoni mwako.

Leo nilifuata utaratibu wote. Nilikagua mafuta, nikaelekeza dira kaskazini mashariki, nikarekebisha kwa ajili ya upepo, nikaanza kuhesabu muda. Wakati wa kuvuka mto Ewaso Nyiro ulipofika, nikamuuliza kama anaona maji.

"Maji hakuna, walaal, dada yangu."

Nikangoja, nikauliza tena. Hakuna. Nikajua ananichezea. Nikageuka kulia kuutafuta mto wangu, nikautafuta mpaka mafuta niliyokuwa nikiyahesabu kwenye ubao yakaisha.

Nilimtupia ramani. Nikamwita mwongo.

"Kiangazi hii maji itoke wapi?" akasema. "Chini ni mchanga tu, tangu ile mara ya kwanza. Wewe uliuliza maji."

Niliona aibu. Nimekulia juu ya lori, nimewaona akina mama wa Merti wakichimba maji kwenye mchanga uleule, halafu nikaamini mstari wa buluu wa ramani.

Lakini kwa nini alikuwa anatabasamu?

Jioni, tukila, Aabo akauliza nimefanyaje. Yusuf hakuinua macho kwenye sahani.

"Amefika."

Aabo alicheka kwa furaha. Mimi nilirudisha tonge kwenye sahani. Amenihurumia, au ananiacha niende nikapotee kweli ili maneno yake yatimie? Sijui, na naogopa.

Kesho, kabla Aabo hajaenda soko la mifugo, nitamwambia sikufika. Kisha nitamwomba akae yeye nyuma ya kiti badala ya Yusuf. Sitamuuliza kama kuna maji. Nitamuuliza chini kuna nini.