Mzee Koki Ameitwa Mara Tatu

4 Juni

Binti yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Saluni inaendeleaje, na vidole havikuumi kwa kusuka kutwa nzima? Mimi ningesema sijambo, lakini ningekuwa mwongo.

Tetemeko amekufa.

Nilikuwa nazibua sinki kwa mama mmoja, nusu ya mwili iko ndani ya kabati, redio ya jikoni ikatangaza. Nikainuka bila kukumbuka niko wapi. Nikagonga kichwa, nikapiga teke ndoo ya maji machafu, nikateleza kwenye maji hayohayo, goti likaenda upande wake na mimi upande wangu. Simu ilikuwa mfuko wa shati, ikachomoka na kuzama kwenye matope ya bomba. Haijawaka tena. Yule mama akaja mbio. Nikamwambia, "Tetemeko amefariki." Akaniuliza, "Ni ndugu yako?" Akasema basi funga koki kwanza, maji yanapotea.

Sasa nimelala na plasta kuanzia paja mpaka kifundo cha mguu, nalia, na watu wananicheka. Jirani kaniambia mzee mzima unamlilia mpiga gitaa wa roki, tena mwenye suruali ya ngozi! Nikamwambia mwenzangu, wewe uliililia timu yako iliposhuka daraja, na wale hawakufa hata mmoja.

Wewe unajua. Mwaka ule mama yako alipotutoka, kila aliyeingia mlangoni aliniambia jikaze, mwanamume halii. Tetemeko peke yake ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Nilikuwa naweka kanda yake na kuifungulia mpaka mwisho, angalau mtu mmoja ndani ya nyumba alie.

Anazikwa Jumamosi, mjini kwenu. Sisi mashabiki wake tuna mwito wetu. Spika, kiongozi wetu, huita majina yote kwa kichwa, jina moja baada ya jingine. Aliyepo anaitika "Nipo!" Aliye mbali anaitikiwa na mtu wake, "Yupo!" Jina likiitwa mara tatu pasiwe na sauti, tunajua mwenzetu ametangulia. Mpiga gitaa anagonga waya mmoja, tunainamisha vichwa, na jina hilo haliitwi tena.

Mimi wananiita Mzee Koki, kwa ajili ya kazi yangu. Nenda ukaniitikie, mwanangu. Sina mwingine.

Barua nampa dereva wa basi la asubuhi. Jibu kupitia kwake.

Baba yako

5 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole sana. Pole kwa goti kwanza, maana nimelisoma katikati ya habari za marehemu kama kitu kilichodondoka njiani. Umevunjika au umeteguka? Nani anakupikia? Nani anakusaidia kwenda chooni? Hayo hukuandika. Umeniandikia suruali ya ngozi.

Baba, Jumamosi nina bibi harusi na wasimamizi wake, wote wanataka kusukwa. Wameshalipia. Saluni hii ina mikono miwili tu, na yote ni yangu.

Na kwa kuwa tunaandikiana, acha niseme. Huyo mtu wako ameimba mjini huku kila mwaka, na kila mwaka umekuja. Umepanda basi, umekuja, umeruka, umerudi. Kwangu hujawahi kuweka mguu. Hujui mlango wangu una rangi gani. Nilipofungua saluni nilikuandalia chai, ikapoa, nikaja kusikia kwa huyuhuyu dereva kwamba alikushusha jana yake na kukurudisha asubuhi ile. Unasema mama alipotutoka Tetemeko alikulilia. Sawa. Mimi nilikuwa chumba cha pili, Baba. Nami nilifiwa mwaka uleule.

Haya, nitakwenda. Bibi harusi nitamwomba aje alfajiri, anichukie mimi badala yako.

Nakutumia dawa ya kuchua na sabuni. Usichue juu ya plasta, nakujua.

Binti yako

6 Juni

Mwanangu wa pekee,

Marahaba, marahaba sana. Mungu akupe wateja mpaka uwafukuze. Goti limeteguka na kupasuka kidogo, jirani ananipikia, chakula chake hakina chumvi lakini mdomo unaomegewa hauna kauli. Hayo ya kuja kwako tutayaongea siku nyingine.

Sasa sikiliza vizuri. Fika mapema. Simama mbele, upande wa kushoto, ndipo penye watu wetu wa zamani. Vaa nyeusi. Usiseme "yupo" kinyonge kama mtu anayekohoa kanisani, pasua sauti. Spika ana koo la bati, lakini masikio yake yameharibika kwa ajili ya muziki. Na jina ni Mzee Koki, si Koki tupu, maana kuna Koki mwingine, mlevi.

Kama utaona wanalia, usiwacheke.

Baba yako

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri. Mimi ni mzima.

Nilikwenda. Watu walikuwa wengi na jua lilikuwa kali. Uliitwa, nikaitika. Kila kitu kilikwenda salama.

Nina kazi nyingi, nitaandika siku nyingine.

Binti yako

13 Juni

Binti,

Salamu nakupa, maana salamu ni ya Mungu. Unaendeleaje? Mimi nimekufa.

Jana asubuhi nimekaa kitandani na chai yangu, nasikia nyundo uani. Gonga, gonga, gonga. Nikadhani ni mafundi wa jirani. Nikajikokota mpaka dirishani na magongo yangu, naona watu wenye mashati meusi wanafunga turubai, wengine wanashusha viti, mmoja kabeba gitaa. Nikauliza kwa adabu, "Jamani, kuna msiba gani hapa?" Mwanamke aliyeshika kamba akanijibu bila kugeuka, "Wa Mzee Koki, Mungu amrehemu." Halafu akageuka. Alipiga ukelele ambao Tetemeko mwenyewe, na maiki zake zote, hakuwahi kuupiga. Turubai likawaangukia waliokuwa chini yake.

Wametoka miji mitatu, mwanangu! Wamekodi gari! Walikuwa wamelia njia nzima, macho mekundu, na sasa hawajui wafurahi au wanidai nauli. Mmoja amenikumbatia mpaka plasta imepata ufa. Mwingine amenikasirikia waziwazi, eti wamegonga waya kwa ajili yangu, na waya ukishagongwa umegongwa. Jirani amechungulia akauliza kama chakula cha msiba kipo. Mwenye nyumba ndiye alinimaliza: alikuja mchana uleule kuulizia chumba kitakuwa wazi lini. Kufa kufaana.

Wote wanasema neno moja. Spika aliita Mzee Koki mara tatu, na umati mzima ukanyamaza.

Uliniandikia umeitika. Nimekula chumvi nyingi, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimemzibulia sinki kila mtu wa mji huu, sijawahi kumwomba mtu kitu. Nimekuomba wewe neno moja, "yupo," na neno lenyewe ni kweli! Lilikushinda nini? Nimelala usiku nasikia ule ukimya. Sikuwepo, lakini nausikia.

Nijibu.

Baba yako

15 Juni

Baba,

Shikamoo. Njia ya mwongo ni fupi, nami yangu imeishia chini ya turubai. Nimekudanganya, nisamehe kwa hilo. Sasa nisome mpaka mwisho, usiitupe barua.

Nilikwenda kweli. Bibi harusi nilimmaliza na macho ya usingizi, nikavaa nyeusi, nikafika. Ndugu wa marehemu walikuwa wamefunga geti. Hawataki kelele, hawataki magitaa, hawataki ninyi. Eti mtoto wao alikuwa mtu mwingine kabla hamjamharibu. Basi mashabiki wote tumesimama nje ya ukuta, juani, upande huu tunalia, upande ule wanazika. Sikuwacheka, Baba. Kulikuwa na dereva wa lori analia ameshika chuma cha geti, mtu mkubwa kama mlango. Nilimpa leso yangu. Nilianza hata kukuelewa.

Aliyesimama karibu nami alikuwa fundi viatu, mpole, ana nywele nyeupe. Akaniuliza namsimamia nani. Nikasema Mzee Koki. Uso wake ukafunguka. "Koki! Huyo ni wa nyumbani kwangu! Akija huku halali kwingine. Chumba chake kipo, shuka zake zipo. Wanangu wanamwita Babu. Mwaka juzi alikaa siku nzima akatutengenezea bomba la bafuni, akawapikia watoto, akawahadithia mpaka wakalala." Akanionyesha kwa kidole mtaa wanaokaa.

Baba, mtaa ule nauona nikifungua dirisha la saluni.

Nikamuuliza, "Hajawahi kusema ana mtoto mjini hapa?" Akasema, "Anasema anaye, lakini ana shughuli nyingi, hapendi kusumbuliwa."

Mimi! Mimi sipendi kusumbuliwa! Bomba langu la saluni linavuja tangu nifungue, naweka beseni, namwaga beseni, wateja wanaruka beseni. Fundi wa mtaani amelirekebisha likazidi. Na baba yangu yuko ng'ambo ya barabara anawatengenezea watu bafu!

Spika akapanda kwenye jiwe akaanza kuita. Nikageuka nikaondoka. Sikutaka ufe. Nilitaka tu mtu mwingine akuitikie, hao wajukuu zako wa shuka safi. Nimefika kona, nikasikia jina lako mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi viatu alifikiri mimi nipo, nami nilifikiri yeye atasema. Nilisikia ule waya. Nimetembea mpaka nyumbani, na kesho yake nikaandika ule uongo.

Ndivyo ilivyokuwa. Usiniandikie kunikaripia. Nimeshajikaripia.

Binti yako

3 Julai

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Goti? Plasta wameshatoa?

Dereva anaapa barua yangu alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma umesimama, ukairudia umekaa, kisha ukamwambia hakuna jibu. Kila asubuhi naenda stendi, ananitikisia kichwa kutoka mbali ili nisipoteze hatua. Nimechoka kutikisiwa kichwa. Hata matusi ungeandika, ningeyapokea.

Haya, mjumbe hauawi. Jana Spika alikuja saluni. Mteja wangu alishtuka akaungua sikio na pasi ya nywele, maana yule mtu hajui kunong'ona. Anasema habari za kwamba u hai zimemfikia na amefurahi, ila kanuni ni kanuni. Jina lililogongewa waya halirudi kwa kuitikiwa na mtu mwingine. Mwenyewe lazima asimame mbele yao aseme "Nipo." Wanakutana Jumamosi tarehe 13, saa kumi, uwanja uleule aliokuwa akiimbia Tetemeko. Baada ya hapo Spika anastaafu, hakutakuwa na mwito mwingine. Ukikosa, umekosa moja kwa moja. Watakutumia gari.

Nimeufikisha ujumbe. Najua utakuja, hukuwahi kukosa. Chumba chako kwa fundi viatu kipo, na shuka. Sitauliza utalala wapi, na chai siandai tena.

Binti yako

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Niko mzima, plasta imetoka, mguu umekonda kama wa kuku. Wewe hujambo?

Sikuandika kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika upuuzi. Nimechana karatasi mpaka jirani akaniuliza kama nafuga panya. Na usingoje nikuombe radhi humu, maana dereva anazisoma hizi barua. Juzi kaniuliza bomba lako linavuja wapi, mshenzi yule.

Nitakwambia kitu kimoja tu. Mtu akitoka kwenye onyesho la Tetemeko ananuka jasho, sauti imekauka, masikio yanalia, kope zimevimba kwa kumlilia mkewe katikati ya watu elfu. Nilikuwa nafika mpaka kona yako. Mlango wako ni wa kijani, umebanduka chini. Nilikuwa nakuona kwa kioo, umesimama, unasuka watu wenye heshima zao, na shingo yako ni ya mama yako kabisa. Nilikuwa nageuka. Kwa fundi viatu hakuna shingo ile. Basi, nimesema.

Gari la Spika lilifika hapa jana, na wenye mashati meusi wawili, wamejipulizia manukato. Wameniambia, "Mzee, jina lako." Jina nalipenda, sitakudanganya. Nimelipata uwanjani nikiwa mjane mpya, ndilo lililonirudisha kula. Nikawauliza Jumamosi saa kumi, hakuna saa nyingine? Hakuna. Nikawaambia warudi salama, siku hiyo ni ya binti yangu.

Nauli ya basi ninayo. Jumamosi mchana niko mlangoni kwako na begi la kazi, nina bomba jipya na mkanda wa nyuzi wa kuzibia maungio. Usifunge saluni kwa ajili yangu, wasuke watu wako. Nitalala chini ya sinki lako goti likinyooka, na likikataa kunyooka nitakaa tu kwenye benchi la wateja nikutazame. Ikifika saa kumi wataniita kule uwanjani, mara tatu, kwa lile koo la bati, na dirisha lako liko wazi, huenda tukasikia.

Mimi nitanyamaza. Nawe usiniitikie.

Baba yako