Ninakokula Mchana Tangu Nioe

Nyuma ya Soko,
Mugumu, Serengeti.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa dada Eugenia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe, shemeji Steven na Naomi wetu, na kwamba goti lako limepunguza maumivu tangu walipokuhamishia ofisi ya chini. Mimi ni mzima wa mwili. Rhobi naye ni mzima, na ameniagiza nikuambie kwamba kile kitenge ulichompa siku ya harusi ameshakishona gauni, na akilivaa mimi siwezi kuangalia kitu kingine. Hilo la mwisho nimeliongeza mwenyewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nyumba yetu ni chumba na sebule, dada, kila neno linasikika, na jambo hili sikutaka Rhobi anisikie nikilisimulia kwa sauti inayotetemeka. Leo hayupo, ametoka tangu asubuhi, na nitakueleza alikokwenda. Mwalimu Efrazia, jirani yetu, anasafiri kuja Dar Jumanne, atakuletea barua hii pamoja na dagaa.

Lakini niache nifurahi kidogo kwanza. Dada, ndoa ni tamu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuamka na kukuta furaha imeamka kabla yake inachemsha chai. Rhobi akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, halafu anacheka upya kwa sababu ameuziba. Cherehani yake iko pale sokoni, na mimi nikitoka kazini napita njia ndefu ili nimwone akiwa hajaniona, ameinamisha shingo, uzi uko mdomoni. Danford, dereva wetu, anasema nimekuwa kama mtu aliyemeza taa. Sikatai.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita uliniuliza, "Huko kwenu kwenye wanyama, watu wa ofisi mnakula wapi mchana?" Ukanisimulia kuhusu wale akina mama wenye miavuli nyuma ya jengo lenu pale Posta, wali maharage na mchicha, wakubwa na makarani wamebanana kwenye benchi moja, tai wamezitupa begani zisiingie kwenye mchuzi. Nilicheka sana, kwa sababu nilikuwa na jibu zuri zaidi. Sikulituma mapema, na sasa jibu lenyewe limeharibika mikononi mwangu.

Sisi tunakula kwa Mama Wangwe. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, kinatazamana na geti la ofisi yetu, mabati juu na mbao kiunoni. Ukitaka kujua siku ile serikali imefanya kazi au haikufanya, nenda pale saa saba mchana. Wote wapo: watu wa ardhi, wa mifugo, wa masjala, manesi, na siku moja moja hata bosi mwenyewe. Ugali wa mtama na muhogo, mboga ya mgagani iliyolala kwenye maziwa, sato wa bwawa la Manchira. Bei yake mshahara wetu unaiweza mpaka tarehe mbaya za mwezi. Mimi nimekula pale tangu wiki niliyoripoti kazini, nikiwa sijui mtu hata mmoja katika mkoa huu.

Na kichwa cha samaki kilikuwa changu. Unajua sisi wa Ifakara na kichwa cha samaki. Watu wa huku walikuwa wanakiacha, na yeye alipogundua ninakipenda akawa ananiwekea. Nikifika nilikuwa napita moja kwa moja jikoni, nafunua sufuria mwenyewe, ananipiga mwiko mkononi, tunatukanana kidogo, nakaa. Alikuwa mama yangu wa Mugumu. Na ni pale nilipomwona Rhobi, alipokuja kumsaidia siku ya mnada, kwa sababu Mama Wangwe ni mdogo wake mama yake Rhobi, tumbo moja.

Hapo ndipo wewe ungeshtuka, dada, lakini mimi sikushtuka.

Ulikuwepo kule Nyamwaga kwenye harusi, uliona mwenyewe jinsi nilivyofundishwa adabu ya Wakurya. Mama yake Rhobi nisimpe mkono. Nisile mbele yake, naye asile mbele yangu. Nikikutana naye njiani, nipishe mbali. Kwetu shemeji Steven anakaa mkekani na mama wanachambua mchele na kusengenya majirani, kwa hiyo niliyaona mageni, lakini niliyashika yote. Siku moja nilisimama katikati ya mihogo mpaka mama mkwe akapita na ndoo yake. Nikasifiwa. Nikajiona nimefaulu mtihani, nikarudi Mugumu na cheti changu kichwani.

Jumatatu hii iliyopita ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini baada ya likizo. Saa saba nikavuka barabara na Danford na Beatrice wa masjala, nikapita moja kwa moja jikoni kama zamani, nikafunua sufuria na kusema kwa sauti, ili kila mtu asikie furaha yangu, "Mama Wangwe, mkweo amerudi na njaa. Kichwa changu kiko wapi?"

Mwiko ulianguka. Alijifunika khanga uso mzima, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kwa wauza mkaa karibu anakimbia. Nikabaki nimeshika mfuniko.

"Cleo," Danford akasema, "umemfukuza mpishi na hatujapakuliwa."

Watu walicheka. Mzee Magige, mlinzi wa geti letu, hakucheka. Alinawa mikono yake taratibu, akaniita. "Wewe mura, yule ni nani wako?"

Mura ndiyo kusema kijana, kwa Kikurya. Nikamjibu, "Ni mama mdogo wa Rhobi, mzee."

"Na mama mdogo ni nani?"

Nikatazama mfuniko niliokuwa bado nimeushika.

"Ni mama. Basi umemfunulia mama mkwe wako sufuria, umemwita mbele ya halaiki, na ulitaka akutazame unatafuna. Umebakiza kumkanyaga mguu tu."

Nilikumbuka Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya harusi. Siku ile aliniwekea sato mzima, akaketi mbele yangu, jambo ambalo hafanyi saa ya wateja. "Kula, Cleo," aliniambia. "Leo kula mpaka usahau jina lako."

"Nitarudi, mama," nikamjibu. "Naenda kuoa, siendi jeshini."

"Utarudi, ndiyo. Wewe kula."

Akanitazama mpaka nikalamba vidole. Nilidhani ni utani wa harusi. Kumbe alikuwa ananiaga.

Tangu Jumatatu hiyo kibanda kimefungwa. Kila asubuhi naegesha baiskeli na kuangalia ng'ambo kama kuna moshi, hakuna. Ofisi nzima inatangatanga. Wengine wanakula chipsi za stendi, mafuta meusi kama oili chafu. Wengine walijaribu hoteli ya watalii wakarudi wameinamisha vichwa, sahani moja ya pale ni chakula chetu cha wiki. Danford anakula biskuti ndani ya gari na kunung'unika. Beatrice aliniambia mbele ya wageni, "Wewe umeoa mke mmoja, ukafunga matumbo ya idara tatu." Walicheka, nami nikacheka, halafu nikaenda chooni nikasimama tu huko.

Kwa sababu si utani, dada. Dirisha langu la ofisi linatazama jiko lake. Kama mama mkwe hawezi kukaa mahali mkwe anapomwona kutwa, basi yeye hawezi kupika pale, na pale ndipo wateja walipo. Kibanda kile kimemjengea nyumba Manchira, na kinamsomesha mwanawe Wangwe kule sekondari ya Issenye. Mume hana. Nimemwoa mtoto wao, na zawadi niliyompa mama huyu ni kumzimia jiko. Juzi niliomba fomu ya uhamisho, ipo kwenye droo, sijaijaza. Nikihama, Rhobi ataacha cherehani yake na wateja wake. Nisipohama, mama yake mdogo atahama. Naamka usiku, namwangalia Rhobi amelala, najiuliza ataniangalia kwa macho gani baada ya mwaka.

Mwanzoni nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya pili, alipopita na kukuta kufuli, hakucheka tena. "Kweli hukuambiwa?" akaniuliza.

"Na nani?"

Akafikiri. "Kila mtu alidhani mwingine amekuambia."

Halafu akasema polepole, "Mama akiuacha mji huu kwa sababu yetu, mimi nitakuwa na raha gani humu ndani?" Neno hilo limekaa kifuani kwangu kama mfupa.

Leo asubuhi amepanda bodaboda kwenda Manchira kuzungumza naye. Mimi siwezi kwenda, ningeongeza kosa. Aliniachia uji kwenye chupa, sijaugusa. Kila pikipiki ikipita nainua kichwa. Najua ni upuuzi, lakini nimewaza pia kwamba wanaweza kumwambia abaki huko kwanza mpaka mambo yatengenezwe. Wewe ni mkubwa wangu, dada, na umekaa na wakwe wa kila aina. Niambie, nijaze ile fomu? Nipeleke mbuzi? Nimwombe nani aniombee msamaha, ikiwa mimi mwenyewe hata kumtazama siruhusiwi? Au ni

Jumatatu, 16 Juni

Dada, kalamu iliishia hapo kwa sababu nilisikia pikipiki ikisimama mlangoni. Nimeona nisianze karatasi nyingine, usome kama ilivyokuwa.

Alirudi, Rhobi wangu, amejaa vumbi mpaka kope. Nilimpokea kikapu. Akaketi kitandani akavua viatu, akaniambia, "Hajakukasirikia. Ana aibu yake mwenyewe. Anasema likizo yote alikuwa anatafuta namna ya kukuambia usije, akakosa, maana mkwe hasemeshwi. Na moyoni hakutaka kukuambia usije."

"Sasa kibanda?"

"Kesho Mzee Magige atampeleka fundi. Wewe kesho usipite kule. Na Jumatatu nenda na baiskeli."

Nikamwambia siku zote naenda na baiskeli. Akasema, "Safari hii piga kengele."

Leo asubuhi nilipiga kengele toka kwenye kona mpaka getini, watu wakadhani breki zimekatika. Moshi ulikuwepo, dada. Nilikaa dirishani nikiutazama kama mtu anayetazama mvua. Na kati ya jiko na benchi limefungwa turubai la bluu, kutoka bati mpaka chini.

Saa saba nikavuka barabara na baiskeli, nikapiga kengele tena. Nikasikia mle ndani mtu anaacha kuongea, na sufuria linawekwa chini. Nikaingia. Pembeni kabisa kulikuwa na kiti kimoja, kimeelekezwa ukutani, mgongo kwa turubai. Hakuna aliyenionyesha. Nilijua kwamba ni changu, nikakaa.

Beatrice ndiye aliyeniletea sahani, imefunikwa. Niliogopa kuifunua. Nilishajiambia nitakula nitakachopewa, hata kama ni mkia, hata kama ni dagaa, na nishukuru. Nikafunua.

Kilikuwa kichwa, dada. Kichwa cha sato, kikubwa, na mgagani pembeni.

Nilikula nikitazama mbao za ukuta, na sikuziona vizuri. Nikiwa katikati, nyuma ya turubai ikatoka sauti, haikusemwa kwangu. "Danford, huyo aliyekaa pembeni, hebu muulize kama chumvi imetosha."

Danford akanigeukia, mdomo umejaa. "Unaulizwa chumvi."

"Mwambie imetosha," nikasema ukutani. "Mwambie haijawahi kuwa tamu hivi."

"Anasema haijatosha," Danford akapaza sauti, "na ugali haujaiva."

Mwiko ukachomoka pembeni mwa turubai ukamkosa kidogo. Kibanda kizima kikacheka, na mle ndani nikamsikia naye anacheka, kicheko kilekile cha kuziba mdomo kwa kiganja. Sikuwahi kugundua kwamba Rhobi alikirithi kwake.

Sijui kama turubai litadumu mvua zikija, na kila siku nitakuwa na hofu ya kusahau kengele. Jioni nimeirudisha ile fomu tupu, yule wa utumishi akaniuliza kulikoni, nikamwambia nimepata pa kula.

Basi dada, nisalimie sana shemeji Steven, mwambie akae vizuri mkekani na mama yetu na ajue alichonacho. Naomi mbusu mashavu yote. Ukipiga simu Ifakara mwambie mama yetu kwamba mama mkwe wangu mdogo ana mkono wa kupika kama wake, ataelewa. Na wewe ukija Desemba, pita mpaka jikoni kwa Mama Wangwe, funua sufuria, mpe mkono, mkumbatie. Mkumbatie mara mbili, ya pili ni yangu, wala usimwambie.

Mungu akutunze kazini na njiani, asikukoseshe anayekumbuka unachopenda.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimeelekea ukutani,

Cleophas