Kofia Saba za Zuhura

Jumanne. Mvua imekatika saa nne, jua limetoka na kiburi.

Niseme wazi: Kisangani hii haijapata mwanaume wa kupendwa kunishinda. Enzi zangu, nikivuka daraja la Tshopo na koti langu la velu, mahameli laini,, wamama walisahau mboga ya pondu kwenye moto, na hata maporomoko yalipunguza sauti ili nipite. Mji mzima uliniita Prince, mtoto wa chifu mkubwa wa kule Basoko.

Bon. Leo nimemwona Zuhura sokoni.

Miaka zaidi ya thelathini, na bado nilinyoosha kola kabla hajageuka.

Zuhura alikuwa binti wa familia ya zamani ya Kiislamu, wale tunaita waarabize. Binti wa heshima ya kweli: haongei na mwanaume njiani, asubuhi anasomesha watoto Kurani, alasiri anashona kofia za mkono barazani, shangazi yake pembeni akichambua mchele. Mimi nilizoea wanawake wa kuita kwa mluzi mmoja. Kwake mluzi haukufika popote. Donc nikaagiza kofia. Mimi, Mkatoliki!

Asiyejua anaona kupima kofia ni jambo dogo. Anasimama mbele yako, anazungusha uzi kichwani, juu ya masikio, mpaka kisogoni, kisha anafunga fundo pale uzi unapokutana. Lazima usitikisike. Vidole vyake vilikuwa na joto na harufu ya udi. Pumzi yake ilitua kwenye paji langu. Nimeshika viuno vingi kwenye dansi za mji huu, lakini hakuna aliyenitetemesha namna ile kwa uzi tu.

Nikaagiza ya pili. Ya tatu. Zilifika saba.

"Kaka Prince," aliniuliza kwenye ya tano, bila kunitazama, "kichwa yako inaongezeka kila mwezi?"

"Ni mawazo juu yako ndiyo inaijaza."

"Basi punguza mawazo, uzi inaisha!" shangazi akadakia kutoka kwenye mchele wake.

Siku ya kofia ya saba, shangazi aliingia ndani kuswali. Zuhura alizungusha uzi lakini hakufunga fundo. Mikono yake ilibaki nyuma ya shingo yangu, ikanishusha polepole. Lile busu, mpaka leo sijui lilichukua dakika moja au msimu mzima wa mvua. Najua tu kwamba uzi ulianguka, na hakuna aliyeuokota.

Kisha akanisukuma, akajitanda ushungi wake vizuri.

"Leta wazee yako. Nakupa majuma mawili. Kama hawafiki, usirudi hapa hata kupima."

Nikatuma neno Basoko, lakini kwake sikurudi. Akaolewa Kindu. Wapwa zangu nimewasimulia miaka yote kwamba boti la wazee lilizama njiani, na viboko wakala zawadi zote.

Leo yeye ni mjane, amerudi kwa kaka yake. Aliniita mbele ya muuza makemba, zile ndizi za kupika.

"Prince. Wazee yako walifika kwetu. Ulijua?"

Sikujua.

Akanisimulia palepale, kikapu mkononi. Baba yangu na mdogo wake waliulizia njia kutoka bandarini mpaka kwao, na kitunga cha samaki wa moshi. Baba akasema wazi kwamba yeye si chifu. Yeye ndiye anayempigia chifu lokole, ile ngoma ya kuita watu. Baba wa Zuhura akawatandikia mkeka, akawapa chai, akasema ni kazi ya heshima, kijana aje tumalize. Wakaningoja mpaka magharibi.

"Na miye niko nyuma ya pazia, nimevaa vizuri," Zuhura akasema. "Weye ulikuwa wapi?"

Nikamjibu nilikuwa na malaria. Kali sana.

Akanitazama kidogo. "Pole," akasema, kwa upole kabisa, akageukia makemba yake.

Baba alikufa bila kuniambia neno juu ya siku ile.

Sikuwa na malaria. Nilikuwa bandarini. Niliwaona wakishuka, baba na suruali yake ya viraka, akiita jina langu la nyumbani katikati ya watu wote walionijua kama Prince. Nikachuchumaa nyuma ya magunia ya makala ya kupikia mpaka wakapita, nikijifanya nafunga kiatu.

Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.