Kombe la Salma

Kilburn, Jumapili, Februari 2003

Nimelinywa lote. Mdomo bado unanukia zafarani.

Jumanne naanza sindano, zile za kuuzuia huu mwili usizidi kuwa wa kike. Nimezisubiri miaka. Nilidhani wiki hii nitakuwa na furaha.

Mama hajanisemesha tangu Ijumaa, nilipomwambia habari ya sindano. Leo baada ya alasiri kaniletea sahani ya kombe. Mwalimu wa madrasa ndiye aliyemwandikia juu yake aya za Kurani kwa zafarani, zioshwe ninywe kama dawa. Kaziosha mbele yangu kwa maji na marashi.

"Kunywa, mwanangu. Tia nia."

"Nia gani, Mama?"

"Unaijua."

Nikatia yangu, nikanywa. Alisimama pale pale mpaka nikamaliza.

Ningenyamaza tu. Lakini nikamuuliza Mama kama mwalimu kaliandika kombe kwa jina gani.

"Salma binti Zuhura," akasema, akitaja na jina lake mwenyewe. "Kwani mie nina mwana mwengine?"

Nimeshamwambia mara ngapi kuwa mimi ni Salum. Husikia, kisha huniita Salma.

Ningekuwa na hasira naye ingekuwa nafuu. Lakini namsikia kupitia ukutani, yuko juu ya msala tangu magharibi, analia na kumwombea Salma wake. Dua zote hizo, na mimi simo hata katika moja.

Keshokutwa naenda hospitali. Naogopa. Na hakuna mtu duniani aliyemwombea Salum.